Jiwe Lililotoka Chini ya Gurudumu Letu

Kabondo, Kisangani,
Tarehe 9 Juni 2024.

Mpendwa Angélique, mpwa wangu,

Jiwe lililokutoa jicho halikutupwa na mtu. Lilitoka chini ya gurudumu la gari letu wenyewe, nami nimelijua hilo tangu saa ile ile, miaka thelathini na minane sasa. Naanza na neno hili kabla ya salamu kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitaulizia afya, nitaulizia mvua, nitafika mwisho wa ukurasa mkono ukiwa umechoka, kisha nitatia sahihi na kusema mengine nitaandika siku nyingine. Sina uhakika tena na siku nyingine.

Sasa nikusalimu inavyopasa. Hamjambo huko Lubumbashi? Baridi ya mwezi wa sita imeshaanza kuuma? Kikohozi cha Sébastien kimepungua? Mwambie avae sweta hata kama wenzake kazini watamcheka. Na wale wadogo wawili, wanaendeleaje na shule? Hapa tunawaombea kila jioni, na jina lako ndilo hutajwa la kwanza. Mke wangu Solange alidhani ni kwa sababu wewe ni mtoto wa dada yangu wa pekee. Nilimwacha adhani hivyo.

Mimi miguu imevimba mpaka magotini na pumzi inakatika nikitoka kitandani kwenda kwenye kiti. Daktari huzungumza na Solange kwenye korido, kisha anaingia kwangu akitabasamu. Nimefundisha miaka thelathini na minne, mwanangu. Ninaujua uso wa mtu aliyetoka kukubaliana na mwenzake kunyamaza. Sina hofu kubwa. Barua hii nitaiandika kwa siku mbili tatu, asubuhi tu, mkono ukiwa bado mwepesi. Ukiona mwandiko unabadilika, ni siku iliyobadilika.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga mara mbili. Mara ya kwanza tuliongea juu ya bei ya mchele. Mara ya pili ulisema mtandao unakatika, nikakubali kwamba unakatika, ingawa nilikusikia vizuri kabisa, hata redio ya jirani yako niliisikia. Karatasi haina mtandao wa kusingizia. Patricia, binti wa jirani yetu, anasafiri kwa ndege kesho kutwa kutoka Bangboka, naye ameahidi kukukabidhi bahasha hii mkononi.

Binti yako Nicole hajambo. Amekuwa mwembamba kidogo kwa ajili ya mitihani ya chuo, lakini anatwanga lituma ya ndizi laini kuliko Solange, na Solange analijua hilo na halipendi. Tangu ulipotuma ule ujumbe wa sauti, mtoto anakula kichwa chini. Hajasema neno baya juu yako. Anaosha vyombo vyangu, ananisomea gazeti, kisha anakwenda kukaa nyuma ya nyumba.

Ujumbe wenyewe Solange aliniwekea kwenye simu yake, na nikaomba auweke tena. Ulisema: "Tonton, wewe ndiye noko. Siku ya tarehe thelathini mutakapokaa na ile familia, sema hapana kwa jina yangu. Miye siwezi kukaa ku meza moja na mutoto ya mutu aliyenitoa jicho." Sauti yako haikupanda hata mara moja. Ungepiga kelele ningesikia uchungu kidogo.

Basi hili ndilo jibu langu. Siwezi kusema hapana hiyo, ingawa ni kweli kwamba noko, yaani mjomba, ndiye mwenye neno la mwisho binti akiposwa. Nitakueleza kwa nini, polepole, na nakuomba usome mpaka mwisho hata ukitaka kuichana.

Nianze na kijana anayemposa Nicole. Yannick alikuja hapa mwezi wa tatu, kabla sisi sote hatujajua yeye ni mtoto wa nani. Nicole alitaka tu anisalimu. Nilikuwa kwenye kiti changu barazani alipoegesha mbele ya nyumba pikapu yake inayovuta tela, ile ambayo sisi tunaiita remorque. Anabeba mchele na ndizi za Bafwasende kuleta mjini, na kurudi anapeleka sabuni, chumvi na mabati.

Kabla hajashuka, macho yangu yalikuwa yameshaona vitu vitatu. Chini ya bampa ya nyuma kulikuwa na mikanda ya mpira, imekatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori, imening'inia safu nzima karibu kugusa ardhi. Mbele ya tela kulikuwa na magunia yaliyojazwa majani makavu ya migomba, yamefungwa imara. Na juu ya kioo cha nyuma cha pikapu kulikuwa na kibao chembamba, kimekazwa kwa kamba. Moyo ulinigonga kabla sijajua ni kwa nini.

Nilimwuliza kama anayemdodosa mwanafunzi: vitu hivi vyote ni vya nini? Alicheka kidogo, akaniambia madereva wengine humwita bwana matambara kwa sababu ya magunia yake, lakini wao hubadilisha vioo na yeye hajabadilisha hata kimoja. Kisha akaeleza. "Papa, watu wanaogopaka tu jiwe ya mbele. Ile ya remorque ndiyo mubaya. Inatoka ku tairi, inagonga remorque, inakurudilia." Nikamwuliza nani alimfundisha. "Papa yangu. Mukono yake ya kuume haifanyake kazi, hawezi kuendesha. Lakini anaikalaka kando ya barabara tangu zamani, anaangalia magari. Kila chauffeur anayesimama pale, lazima amufundishe."

Nilimwambia Solange amletee kijana maji, nikaomba nisaidiwe kuingia ndani. Walidhani ni ugonjwa.

Baada ya wiki mbili Nicole alimsimulia Yannick habari ya jicho la mama yake, naye akamsimulia Nicole habari ya mkono wa baba yake, na watoto wakahesabu miaka na kilomita wenyewe. Nicole hakukuficha, alikwambia siku ile ile. Angeweza kukuficha. Mimi niliyekuwa mtu mzima nilificha.

Sasa turudi kwenye mwezi wa pili wa 1986. Ulikuwa na miaka saba. Mama yangu, Koko wako, alikufa hapa Kisangani, naye alikuwa ameapisha kila mtu kwamba azikwe kwao Bafwasende. Wewe ulikuwa ndoyi wake. Ulipewa jina lake la Angélique siku ulipozaliwa, na alikuita "miye mudogo". Nilikuwa mwalimu wa fizikia, ndiye mtoto wake wa kiume wa kwanza, na kila kitu cha msiba ule kilipitia kwangu.

Mfanyabiashara mmoja wa kahawa alituazima Land Rover yake, tela, na dereva wake Zuberi. Ulikuwa mdogo, labda humkumbuki. Alikuwa mtu wa Kindu, mwislamu, mrefu, anayezungumza kama mtu anayehesabu maneno yasipotee. Ndani ya gari kulikuwa na watu, kwa hiyo jeneza liliwekwa kwenye tela. Nyuma yetu lilikuja lori lenye vijana wa msiba na vyombo.

Zuberi alikuwa na vile vitu vitatu kwenye gari lake. Vile vile: mikanda, magunia, kibao. Ndiyo maana moyo ulinigonga mbele ya pikapu ya Yannick. Na kazi ya vitu hivyo niliielewa kuliko Zuberi mwenyewe, maana nilikuwa nikiifundisha. Gurudumu la nyuma hubana jiwe na kulirusha nyuma, chini chini. Kama kusingekuwa na kitu nyuma, lingeanguka barabarani likaisha. Lakini nyuma inakuja tela, ukuta wa bati unaokimbia kwa mwendo wa gari. Jiwe linakutana na ukuta huo likiwa bado hewani, linapigwa kama mpira unavyopigwa kwa ubao, na linarudi mbele kwa nguvu kuliko lilivyotoka. Kilicho mbele yake ni kioo cha nyuma cha gari lile lile lililolirusha. Mikanda hulizuia lisitoke. Magunia hulimeza likitoka. Kibao hulisubiri kama hayo mawili yameshindwa.

Asubuhi ile shangazi zangu wa hapa mjini walikuwa wamekuja na matawi ya michikichi ya kupamba gari la msiba. Kabondo nzima ilikuwa imesimama barabarani. Nilitazama jeneza la mama yangu likiwa limezungukwa na magunia machafu na mipira iliyokatwa, nikaona aibu. Nilimwambia Zuberi avitoe, maana mama yangu haendi sokoni. Alinivuta pembeni. "Prof, ile barabara iko na mawe mpaka mwisho. Tufunge matawi juu ya magunia, hakuna mutu ataona." Lilikuwa wazo zuri, nami nililisikia kuwa ni zuri. Nikamjibu: "Zuberi, huyu ni mama yangu ao ni mama yako?"

Alitoa kisu akakata kamba za magunia, akafungua mikanda mmoja mmoja, akaikunja na kuiweka chini ya kiti chake. Kibao cha kioo alikataa kukitoa. Sikubishana naye, kwa kuwa kilikuwa upande wa gari, si upande wa mama. Kibao hicho nitakirudia nikiwa na nguvu.

Tulikwenda. Saa za kuzika zilikuwa zinatubana, na mara mbili nilimwambia aongeze mwendo. Aliongeza.

Tulipokuwa tumepita nusu ya njia, tukaingia sehemu ambayo kampuni ya barabara ilikuwa imemwaga kokoto mpya. Watu wa kijiji kile walipasua mawe na kuiuzia kampuni hiyo. Kando ya barabara mafungu ya mawe yalikuwa mengi, na kwenye fungu moja alikaa kijana mmoja, nyundo mkononi. Huyo ndiye Sadrack, baba wa Yannick. Tulimpita. Nikasikia mgongano wa bati, kisha kioo, kisha wewe.

Wewe uliniambia unakumbuka harufu ya matawi tu. Mungu akuachie hivyo hivyo.

Zuberi alifunga breki. Lori la vijana likasimama nyuma yetu. Waliona kioo kimevunjika, mtoto ana damu, na kijana amekaa kwenye mawe. Hawakuhitaji kitu kingine. Walimleta Sadrack mbele yangu wamemshika shingo. Hakulia. Alionyesha tela kwa kidole. "Miye niko na nyundo, sina kombeo. Jiwe imetoka ku tairi yenu. Angalia mbele ya remorque, alama iko pale."

Nilikwenda kuangalia. Alama ilikuwepo, Angélique. Palikuwa na shimo jipya kwenye bati, dogo kama kifundo cha kidole, rangi imebanduka, bati linang'aa, na tawi moja la mchikichi limekatwa na kuning'inia juu yake. Mtoto wa kidato cha tatu angesoma pale kila kitu. Nilishika matawi mawili nikayasogeza yakaifunika.

Mmoja wa vijana akaniuliza: "Prof, umeona alivyotupa?"

Nikasema: "Nimeona."

Ni neno moja. Nimesema maneno mengi maishani, mbele ya wanafunzi, mbele ya wakaguzi, kanisani. Hakuna neno langu lililofanya kazi kubwa kama hilo. Walimlaza kwenye mawe yake wakamvunja mkono wa kuume kwa nyundo yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama umbali wa kutoka kitandani mwangu mpaka dirishani. Ningeweza kusema basi. Nilikuwa nikitazama viatu vyangu.

Zuberi alifungua tela, wakaifunga kwenye lori, akawarudisha wewe na mama yako Kisangani. Ndiyo maana dada yangu Agathe hakumzika mama yake. Mimi nilikwenda na lori, nikamzika, nikatoa hotuba, na watu wakasema mwalimu ameongea vizuri.

Nilimtafuta Zuberi nyumbani kwake baada ya mazishi, kumwomba anyamaze. Alikuwa anachana mbao uani, hakuniambia niketi. "Nitanyamaza, Prof. Lakini uongo sitasema. Mutu akiniuliza, nitamujibu." Niliishi na hofu hiyo miaka ishirini na mitano, mpaka alipofia kwao Kindu. Hakuna aliyemwuliza. Watu waliuliza familia, waliuliza chifu, waliuliza padri. Dereva hakuulizwa na mtu. Na tangu siku ile, kila alipokutana nami njiani alinisalimu kwa kichwa, mkono hakunipa tena.

Sadrack alisema kweli mbele ya watu wote, na alipigwa akiwa anaisema. Kisha akabaki pale kando ya barabara na mkono mmoja, akawafundisha madereva namna ya kuzuia mawe. Nimelifikiria hilo miezi mitatu hii kuliko nilivyofikiria sala zangu. Mtu aliyekuwa na haki ya kufurahi kila kioo kinapovunjika, yeye anasimamisha magari kuwaambia wafunge magunia. Na mtoto wake akafunga, na mtoto wake akapita mbele ya nyumba yangu.

Sikuombi umpokee Yannick kama malipo ya uongo wangu. Huna deni lolote katika habari hii. Ukiona kijana hafai kwa sababu nyingine, iwe tabia, kazi au dini, sema, nami nikiwa hai nitalisema neno lako mbele ya wote. Lakini kwa sababu ya jicho lako, usiseme. Nyumba ile haikukutoa jicho. Ni nyumba hii.

Nimeandika barua ya pili, ya Sadrack. Ipo kwa mdogo wangu Jean-Marie, ambaye ataongoza kikao cha tarehe thelathini. Ataisoma kwa sauti mbele ya familia zote mbili, mimi niwepo au nisiwepo. Nilitaka nikapige magoti kule kule kwenye mafungu ya mawe. Nilimwomba hata Yannick anipeleke kwa pikapu yake, bila kumwambia sababu. Daktari alikataa, na safari hii hakutabasamu. Wewe nimetaka ujue kwanza. Jean-Marie mwenyewe hajafungua bahasha.

Liko jambo jingine kuhusu mama yako. Nilimsikia akikusafisha kidonda, siku baada ya siku, akisema, "Ungebaki tu pa magoti yangu, Angélique. Nilikuambia ubaki." Hakusema kwa ukali, alisema akilia, lakini alisema. Na siku tulipomzika yeye, wewe ukiwa mama wa watoto watatu, ulinishika mkono ukaniambia kwamba kosa lile hukuwahi kumwomba msamaha ipasavyo. Nikakupigapiga mgongoni. Nimekuona pia na wanao ndani ya gari: wakisogea kidogo tu unawaambia, "Kaa chini. Miye sikusikia mama, ona." Na kwenye picha zote unazotutumia unageuza uso, unatuonyesha upande wa kulia tu.

Nimechoka kidogo. Nitaendelea kesho.

Ni asubuhi nyingine. Mvua imepita, na maji ya mto Tshopo yanasikika mpaka huku. Nicole ameniletea chai, ameona karatasi, akauliza ninamwandikia nani. Nimemwambia, "Ninamwandikia mama yako." Akaniuliza kama ni juu yake. Nikamwambia ni juu yangu. Amenirekebishia shuka kwenye miguu akaenda. Ana mikono ya Agathe.

Nisalimie Sébastien sana, na umwambie asikulaumu ukikaa siku mbili bila kuongea. Nisalimie wadogo, uwabusu kichwani kwa niaba yangu. Msalimie Mama Bibiche wa parokia yenu, aliyekuja kuniona mwaka jana akaniletea unga wa mahindi wa Katanga, ambao nilisema ni mzuri nao ulinishinda. Solange anakusalimu, Jean-Marie anakusalimu, Nicole anakusalimu ingawa hakunituma. Mungu akutunzie jicho lililobaki, lione wajukuu, lione miaka mingi kuliko yangu, na siku moja litazame picha uso ukiwa umeelekea mbele.

Hapa nilitaka kutia sahihi. Nimeweka kalamu chini, nimekunywa maji, nimeichukua tena. Kumbe bado nilikuwa nakwenda kukutoroka.

Kile kibao. Karibu na adhuhuri, kabla hatujafika kwenye kokoto, tulisimama injini ipoe. Zuberi alitandika mkeka wake kando akaanza kusali. Mama yako, aliyekuwa amekupakata mbele tangu Kisangani, alikulaza kitini umesinzia, akashuka kwenda msituni na wanawake wengine. Mimi nilikuwa nyuma peke yangu. Nilikitazama kibao kilichoziba kioo, nikawaza kwamba tangu tumeondoka hakuna jicho lililomwona mama yangu. Katika ukoo wetu, maiti akisafirishwa, ndoyi wake humtazama njia nzima, asije akadhani amesahauliwa. Dada zake watatu walikuwa wakitungoja Bafwasende, na nilijua swali lao la kwanza lingekuwa hilo: nani alimtazama? Mimi niliyekuwa nikiyacheka mambo hayo mbele ya darasa, niliogopa swali la vikongwe watatu.

Nilishuka nikafungua kamba, nikakitupa kibao kichakani. Nilikuamsha, nikakubeba mpaka nyuma, nikakupigisha magoti kwenye benchi na kukuegemeza uso kwenye kioo. Nilikuambia, "Mwangalie Koko. Usigeuze macho mpaka tufike." Ukajibu, "Ndiyo, Tonton." Zuberi alipomaliza sala aliona kioo kiko wazi na uso wako umo ndani yake. Alinitazama. Nikamwambia, "Endesha." Mama yako aliporudi akauliza mbona uko nyuma, nikamjibu kwamba umekwenda mwenyewe na umekataa kutoka. Nilitaka tu tusipoteze muda kwa maneno. Alikufa akiamini jibu hilo, na wewe ulikuwa mdogo, uliugua homa wiki tatu, ukaliamini pia.

Hukumkaidi mama yako, Angélique. Ni mimi niliyekutoa kwenye kiti chake nikakuweka pale. Wewe ulifanya nilichokuambia: hukugeuza macho.

Wako akupendaye, tangu siku ulipopewa jina la mama yangu,
Tonton Faustin.